Kioo cha Simu Kando ya Mizani: Mpangilio Rahisi ni Kinga ya Mwanachama

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vya msingi vimeishi kwa methali hiyo tangu vilipoanza. Mazao hupimwa mbele ya mwanachama, karani huandika kilo katika stakabadhi, nakala moja hukabidhiwa mkulima na nyingine hubaki kitabuni. Siku hizi vyama vingi vinaletewa daftari la namna nyingine, yaani programu ya simu au ya kishikwambi, kifaa ambacho wananchi wa Tanzania walikiona mikononi mwa makarani wa Sensa ya mwaka 2022. Karani hugusa kioo, na kumbukumbu ya mkulima huandikwa.

Programu hizo husifiwa kwa upesi wake na kwa wingi wa kazi ziwezazo kufanya. Ni nadra kwa kamati ya chama kuuliza jinsi kioo chenyewe kilivyopangwa: kitufe kipi kiko wapi, maneno gani yametumika, na mwanachama aliyesimama ng'ambo ya mizani ataona nini. Hata hivyo hilo ndilo swali la kwanza. Mwanachama ambaye hakusoma sana aliweza kuitazama stakabadhi ya karatasi, akalinganisha tarakimu zake na zile za mizani, akaikunja na kwenda nayo nyumbani. Kioo hakikunjwi wala hakichukuliwi. Huonekana kwa muda mfupi, kisha hupisha kingine. Kwa sababu hiyo mpangilio wa kioo ni sehemu ya utunzaji wa hesabu za chama, nao wastahili kukaguliwa kama mizani inavyokaguliwa.

Kidole na kioo

Kioo cha kuguswa si jambo la jana. Mwaka 1965 mhandisi E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, alitangaza maelezo ya kioo cha namna hiyo, akikusudia kiwasaidie waongozaji wa ndege. Simu ya kwanza yenye kioo cha kuguswa iliyouzwa madukani, IBM Simon, ilitoka mwaka 1994. Lakini simu hizo zilienea duniani baada ya Apple kutoa iPhone mwaka 2007, na simu za Android kufuata mwaka 2008.

Kioo cha simu za sasa kina tabaka jembamba lisiloonekana, lipitishalo umeme. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Kidole kinapogusa, chaji ya umeme mahali hapo hubadilika kidogo, na simu hutambua palipoguswa. Ndiyo maana kuongeza nguvu za kubonyeza hakusaidii kitu. Tone la mvua huweza kupokewa kana kwamba ni kidole, na kidole kilichovikwa glavu ya kawaida huenda kisitambuliwe kabisa. Hata kidole chenye sugu nene kilichokauka kwa kazi ya jembe wakati mwingine hugusa mara mbili tatu kabla ya kusikilizwa.

Aidha, kioo ni bapa. Kitufe cha kikokotoo huinama kikibonyezwa, na kidole chenyewe hujua kwamba kimebonyeza. Kioo hakiinami. Hivyo hapana budi programu imjibu mtumiaji kwa njia nyingine: kitufe kibadilike rangi, simu itetemeke kidogo, au mlio usikike. Mtaalamu Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alieleza kwamba jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huona kitu kimetendeka papo hapo. Likichelewa zaidi ya sekunde moja, mkondo wa mawazo yake hukatika. Likipita sekunde kumi, huacha kungoja na kushika jambo lingine. Karani asiyejibiwa hugusa tena. Katika programu iliyosanifiwa vibaya, kugusa mara mbili ni kuandika gunia moja mara mbili.

Ukubwa wa vitufe na nafasi kati yake

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwa majaribio kwamba muda wa mkono kufikia shabaha hutegemea mambo mawili: umbali wa shabaha hiyo na upana wake. Shabaha ndogo iliyo mbali huchukua muda mrefu kufikiwa, na aifanyiaye haraka hukosea. Kanuni hiyo ilipatikana kabla ya kuwapo simu za kugusa, lakini inazihusu barabara.

Google huwashauri wasanifu wa programu za Android wasifanye eneo la kugusa kuwa dogo kuliko vipimo 48 vya mfumo huo kwa urefu na upana. Apple huweka vipimo 44 vya mfumo wake. Kwa rula, kitufe kinachofaa kidole huwa na milimita 7 hadi 10 hivi, takriban punje kubwa ya mahindi. Hicho ni kiwango cha chini. Kwa karani anayesimama uwanjani huku akishika simu kwa mkono mmoja na gunia kwa mwingine, kitufe kikuu chafaa kuenea karibu upana wote wa kioo.

Mahali pa kitufe nako kuna maana. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober alitangaza matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu zao, akaona kwamba asilimia 49 ya waliokuwa wakigusa kioo au vitufe walizishika kwa mkono mmoja. Aliyeshika hivyo hutumia kidole gumba, na gumba hufika kwa urahisi sehemu ya katikati na ya chini ya kioo, kumbe pembe za juu hulishinda. Basi vitufe vya kazi ya kila mara viwekwe chini, na vile vya nadra juu. Tena kitufe cha kuthibitisha kisipakane na kile cha kughairi. Vitufe viwili vyenye kazi zinazopingana vikikaa bega kwa bega, siku moja kidole kitaangukia kisichokusudiwa.

Jambo moja katika kila kioo

Watu wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kutuma fedha kwa simu bila kuhudhuria darasa. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, katika simu ndogo za vitufe. Siri moja ya urahisi wake ilikuwa kwamba simu iliuliza swali moja kwa wakati mmoja: namba ya mpokeaji, kisha kiasi, kisha namba ya siri, kisha uthibitisho. Vioo vya kugusa vilipokuja, wasanifu wengi waliiacha hekima hiyo. Kwa kuwa kioo ni kikubwa, wakakijaza visanduku, orodha na alama.

Gharama ya kioo kilichosongamana imekwisha kuonekana penye hatari kubwa. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta iitwayo Alnic MC karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Manowari hiyo iliendeshwa kwa vioo vya kugusa. Mabaharia walikusudia kuhamishia kituo kingine kazi ya kuongoza mwendo tu, lakini usukani nao ukahama pasipo wao kutambua, wakadhani umeharibika. Walipopunguza mwendo, rafadha moja ikapungua na ya pili isipungue, nayo meli ikazidi kupinda. Wachunguzi wa ajali hiyo walitaja upungufu wa mafunzo na vilevile usanifu wa vioo hivyo. Mwaka 2019 jeshi la majini la Marekani likaeleza kwamba litarudisha vishikizo vya kushikwa kwa mkono katika manowari za aina hiyo. Mabaharia hao hawakuwa wajinga. Kioo hakikuwaonyesha waziwazi nani ameshika nini.

Kituo cha kununulia mazao si manowari, lakini kanuni ni ile ile. Mfano uchukuliwe wa chama kinachopokea korosho. Kioo cha kwanza kiulize namba ya mwanachama peke yake. Cha pili kionyeshe jina lake kamili kwa herufi kubwa na kuuliza kama ndiye. Cha tatu kipokee kilo, na cha nne daraja la mazao. Cha tano kiyaweke yote pamoja, yaani jina, kilo za jumla, uzito wa gunia uliotolewa, kilo halisi na daraja, kisha kiwe na kitufe kimoja kikubwa cha kuthibitisha. Kioo hicho cha tano ndicho karani amgeuzie mwanachama akione kabla ya kidole kuteremka. Taarifa za pembejeo, hisa na malipo ya pili zikae mahali pake, zisichanganywe na upokeaji.

Huenda ikasemwa kwamba vioo vitano ni vingi kuliko kimoja. Ni kweli kwa hesabu ya kugusa. Lakini kioo chenye swali moja husomwa kwa kutupia jicho, na kile chenye visanduku kumi na viwili hupekuliwa kila mara, na kisanduku kimoja husahauliwa.

Maneno, tarakimu na rangi

Maneno ya kioo yawe yale yanayotumika kituoni. Kama wanachama husema kilo, makato na malipo ya awali, programu nayo iseme hivyo hivyo. Kitufe kiitwe kwa tendo lake: "Hifadhi", "Sahihisha", "Rudi nyuma". Kitufe kilichoandikwa "Sawa" chini ya swali refu humlazimisha mtu kukumbuka swali lilikuwa nini.

Picha ndogo husaidia asiyesoma vizuri, lakini hazitoshi peke yake. Picha ya gunia hueleweka. Picha ya gurudumu lenye meno, ambayo mafundi huiweka kwa maana ya marekebisho, haimwambii kitu mtu ambaye hakufundishwa. Basi kila picha ifuatane na neno.

Tarakimu ziwe kubwa kuliko maandishi mengine yote katika kioo cha uzito, kwa kuwa wengi wasiosoma barua husoma tarakimu za mizani bila taabu. Kwa kazi ya kilo kioo kifungue vitufe vya tarakimu pekee, visije vikaletwa vya herufi na kupunguza nafasi. Nukta ya desimali ionekane wazi, kwani kati ya 56.5 na 565 hakuna tofauti ila nukta.

Uwanjani kuna jua kali. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo hupendeza ofisini, hupotea kabisa nje. Kanuni za kimataifa za usomekaji, zinazotolewa na shirika la W3C, hutaka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Maandishi meusi juu ya mandhari meupe hulitimiza sharti hilo na kulizidi mbali. Kuhusu rangi, isichukuliwe kwamba nyekundu na kijani zatosha kutenganisha kilichokataliwa na kilichokubaliwa. Wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kuzitofautisha rangi hizo mbili. Penye rangi pawe na neno pia.

Kuzuia kosa na kulisahihisha

Msanifu mwema hachukulii kwamba karani hatakosea. Hupanga kioo ili kosa litambulike mapema. Nchini Kenya, M-Pesa iliongezewa huduma iitwayo Hakikisha, ambayo humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka, ili aweze kusitisha akiona jina si lile. Programu ya chama haina sababu ya kukosa kinga kama hiyo, hasa katika vijiji ambamo watu watatu huweza kuitwa kwa jina moja la baba na la babu. Jina liandamane na jina la kitongoji, au picha ya mwanachama ikiwapo.

Vilevile programu iwe na mipaka. Kama gunia halitazamiwi kuzidi kilo 100, basi karani akiandika 565 kioo kisimame na kumwuliza. Swali lenyewe liwe la maana: "Umeandika kilo 565 kwa gunia 1. Je, ni sahihi?" Tahadhari isemayo tu "Kosa namba 12" haimsaidii mtu.

Baada ya kuthibitisha, kosa likigunduliwa, namna ya kulirekebisha ifuate desturi ya vitabu vya hesabu. Katika daftari la karatasi tarakimu iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja, ikabaki ikisomeka, na mwenye kusahihisha hutia saini. Programu nayo ifanye vivyo hivyo: isiwe na kitufe cha kufuta kumbukumbu ya mazao, bali kile cha kusahihisha, kinachoacha andiko la kwanza mahali pake na kuongeza lile la pili pamoja na jina la aliyesahihisha, tarehe na saa. Kitufe cha kufuta hurahisisha kazi ya karani mwaminifu kwa dakika moja, na kazi ya asiye mwaminifu kwa msimu mzima.

Kioo kiseme kweli

Vituo vingi viko mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Kumbukumbu huandikwa kwanza ndani ya simu, kisha hupelekwa ofisini mtandao unapopatikana. Hapo ndipo kioo huweza kudanganya bila kukusudia, kwa kuandika "Imetumwa" wakati ambapo simu imejaribu tu kutuma.

Funzo la jambo hili lilipatikana kwa gharama kubwa tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani. Vali moja ilikwama ikiwa wazi, na maji ya kupoza mtambo yakawa yanatoka. Taa katika chumba cha waendeshaji iliwafanya waamini kuwa vali imefungwa, kwa kuwa iliunganishwa na amri ya kufunga, haikuunganishwa na vali yenyewe. Zaidi ya saa mbili zilipita kabla ya kutambuliwa kilichotokea, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Basi kioo cha chama kitenganishe hali mbili kwa maneno yasiyo na shaka: "Imehifadhiwa katika simu hii" na "Imepokelewa ofisini". Hali ya pili ionekane tu baada ya ofisi kujibu. Juu ya kioo pawepo idadi ya kumbukumbu ambazo bado hazijafika, ili karani asizime simu wala kuikabidhi kwa mwingine akidhani kazi imekwisha. Simu ikiibwa au kuvunjika kabla ya hapo, chama kijue ni stakabadhi ngapi zinapaswa kuandikwa upya kutoka nakala za karatasi.

Majaribio kabla ya malipo

Fundi hawezi kujua kwa kukaa mezani kama kioo chake kinaeleweka. Lazima kijaribiwe na watu watakaokitumia. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Jakob Nielsen, aliyetajwa hapo juu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro, na kwamba ni bora kujaribu mara kadhaa kwa watu wachache, na kurekebisha kila baada ya jaribio, kuliko kufanya jaribio moja kubwa mwishoni.

Chama kichague makarani wawili, mmoja kijana na mmoja wa umri mkubwa, na wanachama watatu, akiwamo mama asiyesoma na mzee asiyeona vizuri kwa karibu. Wapelekwe kituoni penyewe, mchana, penye jua na vumbi. Makarani wapewe kazi halisi: kupokea magunia matatu ya mwanachama fulani, moja likiwa la daraja la pili, na kusahihisha kilo za gunia la kwanza. Wanachama waonyeshwe kioo cha mwisho na kuulizwa wamepimiwa kilo ngapi na za daraja gani. Fundi awepo, lakini anyamaze. Asionyeshe kwa kidole wala kueleza, kwa sababu siku ya ununuzi hatakuwapo. Aandike mahali kila mtu aliposita, alipogusa pasipofaa na alipouliza. Mtu akikwama, asilaumiwe. Kilichokwama ni kioo.

Maswali ya kamati

Kabla ya kutia saini mkataba wa programu yoyote, yafaa kamati imtake muuzaji ajibu kwa vitendo, si kwa maneno, maswali yafuatayo:

1. Je, karani mgeni aweza kupokea gunia moja bila kufundishwa zaidi ya nusu saa?
2. Je, mwanachama huona jina lake, kilo halisi na daraja katika kioo kimoja kabla ya uthibitisho?
3. Je, tarakimu husomeka juani kwa umbali wa mkono ulionyooshwa?
4. Je, kugusa mara mbili huandika gunia moja au mawili?
5. Je, kosa hurekebishwa bila andiko la kwanza kupotea?
6. Je, kioo hutofautisha kilichomo simuni na kilichofika ofisini?
7. Je, mwanachama huondoka na stakabadhi, iwe ya karatasi au ya ujumbe wa simu, yenye tarakimu zile zile?

Jibu la "bado tunalitengeneza" katika swali la pili, la tano au la saba latosha kuahirisha malipo. Mambo mengine huweza kuboreshwa msimu ukiendelea. Hayo matatu ndiyo haki ya mwanachama juu ya mazao yake.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba msimu wa kwanza wa programu yoyote ni msimu wa majaribio, hata kama muuzaji hasemi hivyo. Vitabu vya stakabadhi viendelee kuandikwa sambamba, na kila jioni karani na katibu walinganishe jumla ya kilo za kitabu na jumla ya kilo za kioo mbele ya mjumbe mmoja wa kamati. Tofauti ikionekana, itafutwe siku ile ile, wakati magunia bado yako ghalani na wenyewe bado wanakumbuka walicholeta.